Mkono Uliozoea Kuzima

Nesi alimtia matone ya dawa machoni, jicho la kulia kisha la kushoto, akamwambia akae pale kwenye benchi mpaka daktari amwite. Bibi Zima akakaa. Akaweka mkoba mapajani, akafumba macho kama alivyoagizwa, na humo ndani ya giza la kope zake mwenyewe mkono wake wa kulia ukamkumbusha jambo.

Haukumkumbusha kwa maneno. Vidole vilijikunja tu, kidole gumba kikashuka chini taratibu, kama kinavyoshuka kila anapotoka nyumbani. Kwanza mlango wa uani, halafu madirisha, halafu swichi mama, ile ya umeme wa nyumba nzima iliyo ukutani kando ya mlango, halafu ufunguo. Ndivyo anavyotoka nyumbani miaka nenda miaka rudi. Lakini leo swichi ile haikupaswa kuguswa.

"Shoga," akamwita jirani yake muuza mitumba, aliyemsindikiza. "Asubuhi nilipokuwa nafunga nyumba, wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, nakusubiri. Nilisimama mpaka miguu ikaota mizizi."

"Uliniona nikigusa ukuta?"

"Ukuta upi tena? Wewe kuta zote za nyumba ile umezipapasa mpaka rangi imetoka."

"Usinitanie. Kulikuwa na mlio wa kafeni kale ka mashine ya mayai wakati nafunga mlango? Kanalia vuuu, kama nyuki kwenye chupa."

Sauti ya shoga ikabadilika, na Bibi Zima akaelewa kwamba utani umekwisha. "Sikusikia kitu," shoga akasema. "Palikuwa kimya. Nikasema hata moyoni, nyumba ya huyu bibi inanyamaza kama imeambiwa kuna mgonjwa."

Jina la Bibi Zima hakulipata bure. Alikulia kwenye nyumba ya koroboi, mama yake akiuminya utambi kwa vidole vilivyolowa mate pindi tu mtoto wa mwisho anapojilaza. Alipokuwa mkubwa akapata kazi ya kupiga pasi kwenye dobi kubwa la mjini, lililokuwa likifua mashuka ya hoteli na makoti ya wakubwa. Meza za kupigia pasi zilipangwa safu nzima, na kila meza ilikuwa na waya wake ukining'inia kutoka darini. Jioni moja mwenzao mmoja aliacha pasi imelala kifudifudi juu ya blanketi, akaenda zake nyumbani hana hili wala lile. Asubuhi walikuta kuta nyeusi na paa limekaa sakafuni. Hakufa mtu, lakini walikaa bila kazi mpaka watoto wakasahau ladha ya sukari. Dobi lilipojengwa upya, meneja alimwita yeye, akamwonyesha swichi mama, akasema, "Wewe utakuwa wa mwisho kutoka. Usipoishusha hii, hujatoka."

Basi akawa anaishusha, kila jioni, mpaka alipostaafu. Alipostaafu akauhamishia mkono ule nyumbani. Marehemu mumewe alikuwa akimcheka: "Siku nikifa, huyu atanizima kwanza ndipo alie." Watoto wa mtaani wakimwona anakuja walizimiana redio kwa kicheko. Yeye hakuona aibu. Alijua kuna watu wanaacha taa inawaka mchana kumwangazia nzi, na nyumba yake haikuwa miongoni mwa hizo.

Sasa nyumba ile ilikuwa na mayai.

Mayai yalikuwa ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Mkwe aliacha kazi alipojifungua, akaleta shauri la kuangua vifaranga na kuviuza. Mkupuo wa kwanza wa mayai ulioza wote, kwa sababu umeme wa mtaani ulikatika na haukurudi mpaka kila mtu alipokwisha kusikia harufu. Mumewe akafunga paneli za sola juu ya bati, na betri na inveta ukutani, lakini alifunga kwa moyo mzito, akakata kauli: huu ni mkupuo wa mwisho. Sola ikishindwa nayo, paneli zinashuka, na mkewe atarudi kiwandani kufungasha samaki, mji wa mbali kule, ambako msimamizi alikwisha kumwekea nafasi. Angekwenda na mtoto, kwa kuwa bado ananyonya.

Na mtoto yule ndiye aliyekuwa pumzi ya Bibi Zima. Alimwita mke mwenzangu, wakigombana kutwa juu ya marehemu babu, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kumvuta pua.

Mawingu yalikuwa yametanda wiki nzima mpaka jana. Ndani ya nyumba waliishi kama wakimbizi: friji limechomolewa, pasi haiguswi, simu zinachajiwa kwa zamu, taa moja tu jioni. Hapo Bibi Zima alikuwa jemadari. Betri ikashuka lakini haikuisha. Na asubuhi hii, siku moja kabla mayai hayajaanza kupasuka, mkwe alimbeba mtoto kwenda kliniki ya chanjo akiwa na wasiwasi. Kwa mara ya kwanza tangu mayai yaingie mashineni nyumba ingebaki bila mtu, basi kabla ya kutoka alishika utepe wa plasta, akataka kuibandika ile swichi mama isishushwe.

"Mama, naibandika tu hapa, kidogo. Si kwa ubaya."

"Kwa uzuri gani?" Bibi Zima alimwuliza. "Mimi swichi nimeishika kabla mama yako hajaolewa. Nibandikiwe plasta kama mtoto anayechezea soketi?"

"Basi, Mama. Lakini leo ukitoka usiiguse. Naomba hilo tu."

"Nenda, mwanangu. Nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Tatizo ni kwamba mkono hauna masikio.

"Twende," alisema sasa, akasimama pale kliniki ya macho. Benchi, mlango, nesi, vyote vilikuwa vimeyeyuka kama sabuni kwenye maji.

"Twende wapi? Daktari hajakuita! Siku hii umeisubiri tangu mvua zilizopita!"

"Atanisubiri na yeye. Nishike mkono."

Nje jua lilikuwa limetoka tangu alfajiri. Baada ya siku zote zile za kujificha limetoka leo, limewaka kweupe bila aibu, na macho ya Bibi Zima, yaliyofunguliwa kwa dawa, yakalipokea lote. Alipiga kelele ndogo. Shoga akamfunika mtandio usoni, akamvuta kama anavuta mbuzi mkaidi.

"Piga simu kwa mkweo," shoga alisema. "Simu yako iko wapi?"

"Mkobani. Imezimwa."

"Imezimwa? Kwa nini?"

"Isiishe chaji."

"Eh! Hata mimi ipo siku utanizima."

"Usimpigie. Bado sijaona kwa mikono yangu. Na hata akijua, atafanya nini akiwa kwenye foleni na mtoto mgongoni? Ataanguka tu njiani kwa mawazo. Simamisha pikipiki."

"Tutakaa wawili? Na makalio haya?"

"Kaa na ulichonacho. Wahi!"

Wakapanda, yule kijana dereva mbele, Bibi Zima katikati, shoga nyuma amemkumbatia kama gunia. Dereva akauliza kama kuna msiba. Shoga akajibu kwamba bado, lakini akiendelea kujikokota hivyo utapatikana. Bibi Zima hakucheka. Kichwani alikuwa anapima: walitoka wakati wauza maziwa wanapita, na sasa jua liko utosini. Mayai yamekaa baridi nusu siku. Ndani ya kila yai kuna kiumbe kilichokwisha kuota manyoya, kimejikunja, kinangoja tu siku moja.

Ufunguo ulimpa kazi. Tundu la kitasa lilimkimbia, akalitafuta kwa kidole. Mlango ulipofunguka hakuhitaji kuona. Kulikuwa kimya. Akanyoosha mkono ukutani, akaigusa swichi. Ilikuwa chini.

"Ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi kweli."

Akaipandisha. Kafeni kakaanza vuuu. Friji, ambalo mkwe alikuwa amelichomeka tena alipoona kunakucha kweupe, liliguna jikoni. Pampu ya maji ikanguruma uani. Inveta ikatoa mlio mkali, pii, pii, pii, kisha kila kitu kikazima kwa mkupuo.

"Betri imekufa!" shoga akalia.

"Nyamaza! Haijafa. Imebebeshwa mizigo yote kwa pamoja. Hata wewe nikikupa magunia yote ya sokoni utakaa chini." Akashusha swichi tena. "Niachie nafasi, nipite."

Hapo macho yake hayakuwa na faida, lakini nyumba ile aliijua kwa vidole. Alipapasa ukuta wa sebule akang'oa plagi ya televisheni. Akaenda jikoni akang'oa ya friji, akagonga paja kwenye ncha ya meza na hakusimama. Akatoka uani akazima pampu. Akarudi chumbani kwa mkwe, akapiga magoti, akatafuta chini ya kitanda waya wa chaja na wa redio, akazivuta zote. Alipomaliza, nyumba nzima haikuwa na waya uliochomekwa isipokuwa ule mmoja.

Akapandisha swichi. Kafeni kakaanza. Akasimama kiganja kikiwa bado juu ya swichi, anahesabu pumzi zake. Inveta haikulia.

"Niangalizie taa ya betri. Rangi gani?"

"Kijani," shoga alisema. "Kijani kabisa."

Bila shaka ilikuwa kijani. Swichi mama huzuia umeme kwenda kwenye vyumba tu, haizuii paneli kulisha betri. Tangu asubuhi jua lote lile limekuwa likiingia na kukaa bure, na hakuna aliyelila.

Mashine ilikuwa sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo kwenye mfuniko. Shoga alichungulia. "Kipimajoto kiko chini mno, shoga yangu. Fungua tushike moja tuone kama lina uhai."

Bibi Zima mikono ilimwasha kufungua. Hakuna kitu alichokitaka duniani wakati ule kuliko kulishika yai moja. Lakini mkwe alikuwa amesema: siku hizi za mwisho mfuniko haufunguliwi, unyevu ukitoka maganda yanakauka na kifaranga kinanasa humo humo. Asubuhi alikwisha kulivunja neno moja la mkwe wake. Hakutaka kulivunja la pili.

"Hatufungui."

Akainama, akaweka shavu kwenye kioo. Ndivyo walivyokuwa wakipima pasi kule dobi: unaisogeza karibu na shavu, na ngozi inakwambia kama ni ya hariri au ya pamba. Kioo kilikuwa na uvuguvugu wa kitanda kilichoachwa. Hakikuwa na baridi ya jiwe. Akatuliza sikio. Kafeni tu. Hakuna hata mlio mmoja.

Akaenda kabatini akatoa blanketi lake la kupigia pasi, zito, lenye harufu ya miaka ile, akalifunga sanduku pande zote, akiyaacha wazi matundu ya hewa ambayo aliyatafuta kwa ncha za vidole. Joto litakaloingia lisipotee ukutani. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando yake.

Shoga alikaa naye. Baada ya muda akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Sikiliza. Mawingu wiki nzima, kila mtu kayaona. Sema betri iliisha. Ulirudi ukakuta imezima, ukaokoa ulichoweza. Nani atabisha? Mimi sikuona kitu, mimi nilikuwa nje miguu imeota mizizi."

Lilikuwa neno tamu. Bibi Zima alilionja. Mkwe angelia, angelaani mawingu, na angempikia chai mama mkwe wake aliyekimbia na macho mabovu kuokoa mayai. Lakini baada ya chai angempigia simu mumewe, na mumewe angesema, si niliwaambia? Paneli zingeshuka. Jua lingebeba kosa lake, na mke mwenzake angebebwa mgongoni kwenda mji wa samaki.

Geti likalia.

Mkwe aliingia mtoto akiwa analia kwa maumivu ya sindano. Akaona blanketi juu ya mashine, waya za nyumba nzima zimelala sakafuni, na mama mkwe wake amekaa kwenye kigoda, macho mekundu yanatiririka maji.

"Mama, kuna nini? Betri imeisha?"

Shoga akakohoa.

"Betri haijaisha," Bibi Zima alisema. "Iko kijani. Si betri, si paneli, si mawingu. Niliizima mimi nikitoka."

"Uliizima... tangu asubuhi?"

"Tangu nilipotoka, mpaka nilipoipandisha muda si mrefu uliopita."

Mkwe alimshusha mtoto, akamkalisha kwenye mkeka, akaenda kwenye mashine, akalisogeza blanketi akachungulia kioo. Alikaa pale akiwa amewapa mgongo.

"Niliomba kitu kimoja," alisema hatimaye. "Kimoja, Mama. Nilitaka kuweka plasta ukanifanya mjinga."

"Ni kweli."

"Yule msimamizi anataka jibu kesho."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi. Ngoja kwanza."

Kwa kawaida, mtu akimwambia Bibi Zima hivyo angetajiwa ukoo wake mpaka kwa babu wa babu. Leo alikunja mikono, akaushikilia ule wa kulia kwa wa kushoto. Shoga akaaga bila utani wowote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Jioni ikaingia wakiwa hivyo. Hawakuwasha taa. Mkwe alimnyonyesha mtoto gizani, na mara moja tu akauliza, "Kwa hiyo siku zote zile za mawingu betri haikuisha? Mpaka leo asubuhi?"

"Haikuisha hata siku moja. Leo imejaa kabla ya saa za kupika."

Bibi Zima akamsikia akisogeza mkeka wake karibu na mashine, upande wa pili wa kigoda.

Kulipopambazuka macho ya Bibi Zima yalikuwa yamerudi. Aliona ufa wa mwanga dirishani, akaona mkwe amelala ameegemeza kichwa kwenye sanduku. Ndipo akasikia. Alidhani ni kafeni, akashika pumzi. Haikuwa kafeni. Kilikuwa kitu chembamba, chenye hasira, kinagonga kutoka ndani.

"Amka," alinong'ona. "Amka, amka, kuna mtu anabisha hodi."

Mkwe akaruka. Wakachungulia vichwa vikigongana. Yai moja la pembeni lilikuwa na tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia, na tunduni palikuwa na ncha ya mdomo inafumbua na kufumba. Mkwe akamshika mama mkwe wake mkono, ule ule wa kulia, akaubana mpaka ukauma.

Mayai hayakuanguliwa yote. Mengine walisubiri mpaka kesho yake na hayakusema neno, na mkwe aliyafukia uani mwenyewe, bila kuita mtu. Lakini zaidi ya nusu yalitoa vifaranga, vimelowa, vimechukia, kisha vikakauka vikawa mipira ya manyoya iliyopanda juu ya migongo ya wenzake. Mtoto alipovionyeshwa alicheka mpaka akapata kwikwi.

Mume wa mkwe, aliyekwisha kuambiwa kwamba mayai mengine yamekufa, alipiga simu kutoka barabarani. Mkwe akaweka sauti ya nje.

"Sola imeshindwa, siyo? Nilisema."

"Sola haijashindwa. Wiki nzima ya mawingu, na betri haikuisha."

"Sasa hayo mengine yamekufaje?"

Mkwe akamtazama mama mkwe. Alikuwa na nafasi ya kusema. "Mama aeleze mwenyewe," akasema, akasogeza simu.

"Niliyazima," Bibi Zima akaiambia simu. "Na kabla hujafungua mdomo, kumbuka ni nani aliyekuwa anakuzimia taa ukakojoa kitandani kwa woga, na bado ukakua. Leta fundi aipitishe waya ya mayai mbele ya swichi mama, iwe na swichi yake. Hata mtu akishusha ile kubwa, ile ndogo isijue. Na paneli haishuki."

Upande wa pili lori lilinguruma. "Mama, na kiwanda?"

"Muulize mkeo. Mimi si msemaji wake."

"Nimekwisha kuwajibu," mkwe alisema. "Nimewaambia nina kazi."

Fundi alikuja, akakata waya na kuunga, akasifia betri kama vile aliizaa yeye. Swichi ndogo aliiweka juu, mbali, akaifunika kwa kikombe cha plastiki. Plasta ilibandikwa juu ya kikombe. Ni Bibi Zima mwenyewe aliyeikata kwa meno na kuibandika.

Siku ya kurudi kwa daktari wa macho ilipofika, mkupuo mpya wa mayai ulikuwa ndani ya sanduku. Alifunga mlango wa uani, akafunga madirisha. Mkono ukapanda ukutani wenyewe, bila kuulizwa, ukaishika swichi mama na kuishusha. Friji likanyamaza. Taa ndogo ya televisheni ikafa.

Alisimama kizingitini akisikiliza, shoga akimpigia kelele kutoka nje kwamba miguu imeanza tena kuota mizizi.

Vuuu, kafeni kalisema.

Akafunga mlango.